Mchungaji Gary Davis, Kipofu Aliyefundisha Gitaa

Safari hii twawaletea habari za mtu ambaye hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, kipofu tangu utotoni, Mmarekani mweusi, na kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa kuimba kando ya barabara akipokea senti za wapita njia. Jina lake ni Gary Davis. Wapigaji wa gitaa wa Ulaya na Marekani wanalijua sana jina hili, lakini kwetu wanaolijua ni wachache, hata katika kwaya zile ambazo vijana wake hawawezi kuimba pambio moja bila gitaa.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1896, karibu na mji mdogo wa Laurens katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa huko mwaka 1865, lakini maisha ya watu weusi yalikuwa bado ya dhiki na hofu. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Mama yake alizaa watoto wanane, na katika hao waliofikia utu uzima walikuwa wawili tu. Gary alipokuwa mchanga bado, wa majuma machache, aliugua macho, akatiwa dawa. Kwa jinsi yeye mwenyewe alivyosimuliwa, dawa ile ndiyo iliyomharibu macho. Alikua akiweza kutofautisha mwanga na giza, basi.

Hakulelewa na wazazi wake, bali na bibi yake, mama mkali na mcha Mungu, aliyeishi shambani. Baba yake alikwenda jimbo la Alabama, akauawa huko na mtu wa serikali, sherifu wa mahali pale, wakati Gary alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Mambo ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida kusini siku zile, na waliouawa hawakuwa na mtu wa kuwatetea.

Katika nyumba ile ya bibi ndimo muziki ulipoanzia. Chombo chake cha kwanza kilikuwa cha kujitengenezea: sahani ya bati ya kuokea mikate, iliyotiwa kijiti na uzi. Watoto wetu nao hutengeneza vigitaa vya makopo ya mafuta, kwa hiyo msomaji haoni ajabu. Alipofikia umri wa miaka saba hivi alikuwa amekwisha kushika gitaa la kweli, na alijifunza kwa masikio. Alijua pia kupiga banjo na kinanda cha mdomo. Kanisani aliimba, na huko nje, kwenye karamu za watu, alipiga nyimbo za kuchezea. Wakati ule hakuona ugomvi kati ya mambo haya mawili.

Mwaka 1914 alipelekwa shule ya vipofu ya Cedar Spring, karibu na mji wa Spartanburg. Huko alijifunza kusoma kwa vidole, yaani maandishi ya nukta, lakini hakukaa. Aliondoka baada ya miezi michache tu, na sababu aliyoitoa ni kwamba chakula cha pale hakikumpendeza. Naona hapa ndipo tunapomwona mtu mwenyewe kwa mara ya kwanza: hakuwa mtu wa kushukuru kila alichopewa kwa kuwa tu ni kipofu.

Ujana wake aliupitisha akipiga katika bendi ya nyuzi mjini Greenville. Mji ule ulikuwa na kipofu mwingine, Willie Walker, mpigaji hodari kupita kiasi. Davis hakuwa mwepesi wa kuwasifu wapigaji wenziwe, lakini huyo alimsifu mpaka uzeeni. Katika miaka hiyo pia alianguka akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, na mfupa ukaungwa vibaya, mkono ukabaki umepinda. Kwa mpigaji mwingine huo ungekuwa mwisho wa kazi. Yeye aligundua kwamba mkono uliopinda unaweza kufika mahali pa nyuzi ambapo mkono mzima haufiki kwa urahisi, akaanza kubana nyuzi kwa namna zake mwenyewe.

Mkono wa kulia alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, navyo alivivika vipande vigumu kama kucha ili mlio utoke kwa nguvu barabarani. Gumba lilipiga sauti nzito za chini, na kidole cha shahada kiliimba juu yake, kisha ghafula vikabadilishana kazi. Msikilizaji asiyemwona alidhani wapo watu wawili. Wasomaji wenye umri wanaomkumbuka Jean Bosco Mwenda wa Katanga, yule aliyeimba kwa Kiswahili, watakumbuka kwamba naye alipiga kwa vidole viwili. Hawakufundishana, lakini masikio yanayowapenda wote wawili yanaelewa ninachosema.

Sasa lazima tueleze neno moja, yaani bluzi. Hizi ni nyimbo za watu weusi wa kusini mwa Marekani: nyimbo za upweke, za mapenzi yaliyoharibika, za jela, za njaa na safari. Ziliimbwa vilabuni na kwenye karamu za Jumamosi usiku, penye pombe na pengine visu. Wazee wa kanisa walizihesabu kuwa nyimbo za Shetani. Mtu aliyeokoka alitakiwa kuziacha kabisa, na aliyerudi kuziimba alihesabiwa ameanguka. Nadhani sisi tunaelewa jambo hili upesi, maana ugomvi juu ya ngoma, gitaa na pambio umepita katika mitaa yetu mingi, na sehemu nyingine haujaisha.

Davis alihamia Durham, North Carolina, mji wa viwanda na maghala ya tumbaku. Jioni wafanyakazi walipotoka kazini na mishahara yao, vipofu wenye magitaa walikuwa wakiwangoja nje. Mmoja wao alikuwa kijana Fulton Allen, aliyekuwa amepoteza macho akiwa mtu mzima, na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Blind Boy Fuller. Alikuwa na sauti nzuri na alijua kuwapendeza watu, lakini ujuzi wake wa gitaa ulikuwa mdogo alipokutana na Davis. Davis alimfundisha. Huyu ndiye mwanafunzi wake mkubwa wa kwanza, na habari zao si za furaha tupu.

Mwezi Julai 1935 meneja wa duka moja la Durham, J. B. Long, aliwachukua Davis, Fuller na mwenzao mwingine kwenda New York kunasa santuri. Kwa wakati huo Davis alikuwa amegeuka moyo, na katika miaka hiyohiyo ya 1930 aliwekewa mikono kuwa mhubiri wa Kibaptisti. Alikubali kuimba bluzi mbili tu. Baada ya hizo alikataa, akataka kuimba nyimbo za Mungu peke yake, na ndivyo ilivyokuwa: santuri zake zote zilizobaki za safari ile ni za dini. Bwana Long alitaka bluzi, kwa sababu bluzi ndizo zilizouzika. Waligombana pia juu ya malipo, kwa kuwa Davis aliona amepunjwa. Matokeo yake ni kwamba kwa muda wa miaka karibu kumi hakunasa santuri nyingine.

Mwanafunzi wake hakuwa na kizuizi hicho. Kati ya 1935 na 1940 Blind Boy Fuller alinasa nyimbo zaidi ya 120, akawa miongoni mwa waimbaji wa bluzi waliouza sana katika majimbo yale. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Mwalimu amekaa kona ya barabara, hana kitu, ameingia hata katika daftari la msaada wa vipofu. Na sauti ya mwanafunzi wake inatoka katika kila nyumba yenye mashine ya santuri, ikipiga mambo ambayo mengine yametoka mikononi mwa mwalimu. Davis alikuwa binadamu. Miaka mingi baadaye alipoulizwa habari za Fuller, hakuficha kwamba alimwona ni mwanafunzi ambaye hakumaliza masomo. Wengine wamesema ni wivu, na huenda wivu ulikuwapo. Mimi naona pia hasira ya fundi aliyejua kazi ilivyotakiwa kuwa.

Fuller hakuishi. Alikufa Durham tarehe 13 Februari 1941, hajatimiza miaka arobaini, kwa ugonjwa wa figo na kibofu.

Ndoa ya kwanza ya Davis ilikuwa imekwisha kuvunjika zamani, naye aliishi kwa shida. Katika mwanzo wa miaka ya 1940 alimwoa Annie Wright, mwanamke wa kanisa, mchapa kazi, na hapana budi tuseme wazi kwamba bila Bibi Annie tusingekuwa na habari hizi za kuandika. Alipata kazi za nyumbani kwa watu huko kaskazini, na mume wake akamfuata. Karibu na mwaka 1944 walikuwa New York. Kwa muda mrefu waliishi Bronx katika kibanda cha vyumba vichache nyuma ya majengo makubwa. Asubuhi Davis alichukua gitaa lake, akaenda Harlem, akasimama barabarani, akaimba na kuhubiri. Jumapili alihubiri katika makanisa madogomadogo, yale ambayo zamani yalikuwa vyumba vya maduka.

Mji ulimwonea. Wezi walijua kwamba mtu yule haoni, na si mara moja tu walimnyang'anya gitaa. Alinunua jingine, akarudi palepale. Gitaa alilolipenda kuliko yote lilikuwa Gibson kubwa, nalo alilipa jina la kike, akaliita Miss Gibson, akalisema kama mtu anayemsema jamaa yake.

Mwezi wa Januari 1950 wanamuziki wa New York walifanya mkutano wa kumkumbuka mwimbaji Lead Belly, aliyekuwa amefariki mwezi Desemba uliotangulia, na Davis aliimba hapo. Tangu siku hizo vijana wa kizungu wapenzi wa nyimbo za zamani walianza kumjua. Kwanza walikuja mmoja mmoja, kisha wengi.

Hapa napenda tukae kidogo.

Mnamo 1960 hivi kijana mmoja wa Brooklyn, Stefan Grossman, aliyezaliwa 1945, alimpigia simu mzee akiomba kufundishwa gitaa. Mzee alimwambia aje, na asisahau kuja na pesa. Ada ilikuwa dola tano kwa somo. Lakini somo lenyewe halikuwa la saa moja kama masomo ya shuleni. Mwanafunzi alikuja asubuhi akaondoka jioni, na kwa dola zile tano alifundishwa mpaka vidole vyake vikachoka. Bibi Annie alimpa chakula kama mtoto wa nyumbani. Kijana huyu aliendelea hivyo kwa miaka kadhaa, siku za mwisho wa juma, akija na mashine ya kunasia sauti ili asipoteze kitu.

Je, kipofu anamfundishaje mtu anayeona? Hawezi kumwambia aangalie ubaoni. Hawezi kuona kama kidole kimewekwa mahali pake. Davis aliufundisha wimbo kwa kuupiga wote, kisha kuukatakata vipande, kila kipande mpaka mwanafunzi akirudishe. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa macho. Kama mwanafunzi alibana uzi usiostahili, au alitumia njia rahisi iliyotoa sauti inayofanana tu, mzee alisikia tofauti, akamrudisha nyuma. Mtu mwenye macho huridhika akiona vidole viko sawa. Huyu hakuridhika mpaka mlio uwe sawa. Pia hakupenda nakala. Alikuwa na njia mbili au tatu za kuupiga wimbo uleule, na mwanafunzi aliyekuja na wimbo wa juma lililopita alijikuta anafundishwa tena upya, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kuubadilisha. Ilimtaka mtu afahamu jinsi wimbo ulivyojengwa, la sivyo angepotea.

Alifundisha zaidi ya tenzi. Kichwani mwake mlikuwa na mwendo wa bendi za wanajeshi, nyimbo za kuchezea za kabla ya vita vya kwanza, na mambo ambayo watu walipiga kwa piano. Haya yote aliyaweka juu ya nyuzi sita. Katika tenzi zake alikuwa na desturi ya kuacha neno la mwisho bila kuliimba, gitaa likalimalizia, na watu waliokuwa wakisikiliza walilisikia neno lile bila kulisikia.

Na bluzi je? Hili ndilo lililokuwa jambo gumu ndani ya nyumba ile. Vijana walikuja kwa ajili ya bluzi. Mzee alikuwa mhubiri, na Bibi Annie hakutaka nyimbo za dunia chini ya paa lake. Mara nyingi Davis aliwafundisha milio ya vidole pasipo maneno, au maneno aliyasema tu kwa sauti ya maongezi badala ya kuyaimba, kana kwamba kusema si kuimba. Bibi Annie alipotoka kwenda sokoni au kanisani, wanafunzi walijua kwamba nafasi ya kuuliza imefika. Jinsi miaka ilivyokwenda alilegea kidogo, hata mbele ya watu katika maonyesho aliimba baadhi ya zile za zamani. Wapo watakaosema alikuwa mtu wa nia mbili. Ila tukumbuke kwamba mwaka 1935, alipokuwa kijana wa kutosha kutaka utajiri, na njia ya utajiri ikiwa bluzi, aliikataa kwa hasara yake mwenyewe. Uzeeni hakuwa na cha kuthibitisha kwa mtu. Mimi sitamhukumu, ingawa najua katika mtaa wetu wapo ambao wangemwita mbele ya baraza la wazee.

Kuna jambo jingine la kuwaza. Miaka ile ya 1960 ndiyo miaka ambayo huko kusini, alikotoka Davis, wanafunzi weusi walipigwa na kufungwa kwa kukaa katika mikahawa ya wazungu wakiomba kuhudumiwa. Na katika kibanda cha Bronx vijana wa kizungu, baadhi yao Wayahudi, walikaa kutwa nzima mbele ya mzee mweusi, mjukuu wa watu waliozaliwa utumwani, wakijifunza kwake nyimbo za Yesu kwa bidii. Walimwendesha kwa gari kwenda kwenye maonyesho, wakamshika mkono kuvuka barabara, wakakaa viti vya nyuma kanisani alipohubiri. Sijui kama waliokuwa wakipita barabarani walielewa walichokuwa wakikiona.

Hawakuwa wazungu tu. Larry Johnson, kijana mweusi kutoka Georgia, mtoto wa mhubiri, alikuja New York akajifunza kwa Davis akawa mpigaji wa kuheshimiwa sana, mpaka alipofariki mwaka 2016. Wengine waliopita mikononi mwake ni David Bromberg, Ernie Hawkins na Woody Mann, ambao wote baadaye walipata jina. Roy Book Binder aliacha masomo yake akasafiri na mzee miji kwa miji, akimwongoza na kujifunza njiani. Hata Jorma Kaukonen, aliyepata umaarufu na bendi ya Jefferson Airplane, alijifunza nyimbo za Davis chuoni Ohio kutoka kwa mtu mwingine aliyezijua, zikawa sehemu kubwa ya kazi yake yote. Wajukuu kama hao hawahesabiki.

Mwezi wa Agosti 1960 alinasa santuri iliyomtambulisha kwa watu wengi, nayo iliitwa kwa kazi yake, yaani mwimbaji wa barabarani wa Harlem. Kisha likaja jambo la fedha. Mwaka 1962 waimbaji watatu, Peter, Paul and Mary, walitoa santuri yao ya kwanza, na ndani yake mlikuwa na wimbo wa Samsoni ambao Davis alikuwa akiuimba miaka mingi. Santuri ile iliuzwa kwa wingi sana, na sehemu ya faida ilimfikia Davis. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa na wanasheria kama wimbo ule aliutunga yeye, hakusema ameutunga, bali alisema alifunuliwa. Sasa, ukweli ni kwamba kipofu mwingine wa Texas, Blind Willie Johnson, alikuwa ameunasa wimbo huo katika santuri mwaka 1927, na kabla yake habari za Samsoni ziliimbwa na watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Basi ni nani mwenye wimbo? Wanasheria walipata jibu lao. Kwa upande wangu nafurahi kwamba katika wale wote waliouimba, angalau mmoja aliyekuwa hai na maskini alipata kitu.

Kwa pesa hizo Davis na Bibi Annie waliondoka katika kibanda cha Bronx, wakanunua nyumba huko Jamaica, mtaa wa Queens, New York. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini na tano, na hiyo ndiyo nyumba ya kwanza aliyoweza kuiita yake. Wanafunzi walimfuata hukohuko. Kuimba barabarani kulikwisha, ila ada ya somo haikupanda.

Mwaka 1964 alisafiri Uingereza pamoja na kundi la wanamuziki weusi wa Marekani, akiwamo Muddy Waters na Sister Rosetta Tharpe, dada wa gitaa la umeme aliyeimba nyimbo za Injili. Vijana wa Kiingereza walijaza kumbi. Mwaka uliofuata aliimba katika tamasha la Newport, Marekani, mbele ya maelfu. Huko nako hakuacha desturi yake ya kuhubiri kati ya wimbo na wimbo, na wale waliokuwa wamelipa kiingilio kusikia gitaa walisikia na mahubiri, wapende wasipende.

Mwaka 1970 kikatoka kitabu cha nyimbo zake kilichokusanywa na Stefan Grossman.   Mzee mwenyewe, aliyewahi kusoma kwa vidole huko Cedar Spring miezi michache, hakuweza kukisoma kitabu kile. Lakini mambo yaliyokuwa kichwani mwake peke yake kwa miaka sitini sasa yalikuwa mahali ambapo mgeni wa nchi ya mbali angeweza kuyachukua.

Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Hata hivyo aliendelea kusafiri na kupiga. Tarehe 5 Mei 1972, akiwa njiani kwenda kupiga katika jimbo la New Jersey, alishikwa na moyo, akakimbizwa hospitali katika mji wa Hammonton, akafariki siku ileile. Alikuwa na umri wa miaka 76. Alizikwa katika makaburi ya Rockville, huko Lynbrook, Long Island. Bibi Annie aliishi miaka mingi baada yake.

Grossman alikwenda Ulaya, akafundisha huko, akaanzisha kazi ya kuchapisha masomo ya gitaa, na nyimbo za mwalimu wake hazikukosa katika masomo hayo. Tepu alizozinasa sebuleni na kanisani alizitunza. Mwaka 2010 baadhi yake zilitolewa kwa watu wote, za kati ya 1962 na 1967. Humo anasikika mzee akipiga nyumbani bila hadhira kubwa, na anasikika pia kanisani, akihubiri na kuimba, waumini wakimwitikia.